Diski ya Anyosisye

Kufikia Jumatano asubuhi ukaguzi ulikuwa umeingia siku ya tatu, na mstari wa kijani kwenye kioo haukuwa umefika hata robo. Mwaka uliopita kazi hiyohiyo, kwenye mashine hiyohiyo, ilichukua muda wa kuivisha sufuria moja ya maharage. Subilaga Mwambipile alivuta kigoda, akakaa mbele ya mashine kama alivyokuwa akikaa mbele ya mitambo ya kukaushia chai kwa miaka ishirini na sita, kisha akasema kwa sauti, ingawa jikoni hakukuwa na mtu mwingine:

"Haya. Tuambiane ukweli. Unaumwa wapi?"

Alianza na mambo madogo, kama fundi yeyote mwenye akili. Aliusimamisha ukaguzi kwa muda, akazima, akafungua ubavu wa mashine na kupuliza vumbi la mwaka mzima. Akachomoa kebo ya diski na kuchomeka nyingine. Akawasha, ukaguzi ukaendelea palepale, kwa mwendo uleule wa kinyonga. Akagusa diski kwa mgongo wa kiganja: vuguvugu tu, si ya moto. Akafunga programu moja baada ya nyingine, ya redio, ya barua, ya hali ya hewa, mpaka zikabaki mbili. Moja ilikuwa ya kengele ya bonde. Nyingine iliitwa Mlinzi, na aliiandika marehemu mumewe, Anyosisye, kwa mikono yake mwenyewe.

Mstari wa kijani haukusogea.

Ndipo akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya diski na mpini wake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Hivyo ndivyo alivyokuwa akizisikiliza beringi kiwandani. Diski ilikuwa ya zamani, ya sahani inayozunguka, na mzunguko wake ulikuwa safi, hauna mkwaruzo wala kugonga. Lakini kichwa cha kusomea kilikuwa na tabia ya ajabu. Kilikwenda mahali, kikarudi. Kikaenda palepale, kikarudi. Kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, akarudi kukichukua, akafika njiani akakisahau tena.

Subilaga aliondoa bisibisi sikioni taratibu. Diski mbovu hugugumiza, na hii haikuwa ikigugumiza. Ilikuwa ikifanyishwa kazi na mabwana wawili.

"Hodi, wifi!"

Tusekile, dada yake Anyosisye, aliingia akikung'uta mwavuli. Mvua ya Rungwe haina msimu wa kupumzika. Aliweka mkungu mdogo wa ndizi mezani, akatazama kioo.

"Bado tu?"

"Bado."

"Na Ijumaa ni keshokutwa."

Hakuhitaji kusema zaidi. Kila mwaka, kwa amri ya Ofisi ya Usahihi, diski ya kila nyumba ilikaguliwa makosa, na ilipopita ikapewa muhuri. Nyumba isiyokuwa na muhuri ifikapo saa sita mchana ya siku ya mwisho ilikatwa mtandaoni. Kwa nyumba nyingine hilo lilikuwa jambo la kukosa redio na barua. Lakini ukuta wa nyuma wa jiko la Subilaga ulipitisha waya mnene mweusi, na mwisho wa waya huo kulikuwa na vitambuzi kumi na sita vya hewa vilivyotawanywa kwenye mashimo ya bonde la Isumba. Hewa nzito iliposhuka kutoka kwenye visima vya mvuke huko juu, mashine hii ndiyo iliyolia kwenye nyumba sitini na mbili kwa wakati mmoja. Kibali cha kengele kilikuwa kwa jina la nyumba hii, na hakikuhamishika.

"Wajukuu zangu watatu wanalala bondeni," alisema Tusekile. "Usinifanyie mzaha na hiyo mashine."

"Nimewahi kufanya mzaha na mashine mimi?"

"Hujawahi," Tusekile alikubali. "Ndiyo maana naogopa ukinyamaza hivyo."

*

Saa tano Subilaga alipiga simu Ofisi ya Usahihi. Alitegemea kujibiwa na mashine, akajibiwa na mtu.

"Shikamoo mama. Unaongea na Zaituni Kiyumbi, dawati la ukaguzi."

"Marahaba, mwanangu. Ukaguzi wangu umelala."

Zaituni alimpitisha kwenye maswali, naye Subilaga akajibu moja moja. Vumbi, limepulizwa. Kebo, imebadilishwa. Joto, hakuna. Programu, zimefungwa zote isipokuwa mbili.

"Ya kengele iache," alisema Zaituni. "Hiyo Mlinzi ndiyo inayochelewesha. Izime tu, mama. Baada ya saa mbili utakuwa na muhuri wako."

Subilaga alisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Nimekwambia ziko mbili. Sijakutajia jina hata moja."

Upande wa pili kulisikika kiti kikisogezwa.

"Naiona hapa kwangu, mama. Mashine nyingi za zamani zina programu za namna hiyo. Zinang'ang'ania makosa."

"Makosa gani?"

"Izime, mama. Nakusihi."

Simu ilipokatika, Subilaga alifungua daftari la ukaguzi, pale ambapo mashine huandika kila inachofanya. Watu hawalifungui. Ni mistari na mistari ya herufi ndogo, kama mbegu za ulezi. Yeye alivaa miwani, akashuka nayo taratibu mpaka akakiona kile alichokuwa amekisikia kwa bisibisi.

Lilikuwa faili moja. Jina lake: Lusekelo.

Ndani yake Anyosisye aliandika, miaka saba iliyopita: *Alifariki tarehe kumi na mbili Juni, alfajiri, shimo la chini la Isumba. Hewa nzito.* Subilaga alilifungua na kulitazama. Macho yake yalipokuwa bado juu ya maneno hayo, maneno yakabadilika. *Amehama. Makazi mapya hayajulikani.* Hakugusa kitu. Akahesabu moja, mbili, tatu. Maneno ya kwanza yakarudi: *Alifariki.* Kisha tena: *Amehama.*

Aliliangalia hivyo kwa muda mrefu bila kupepesa.

Sasa alielewa. Ukaguzi wa mwaka huu ulikuwa hautafuti makovu kwenye diski peke yake. Ulikuwa ukisoma yaliyoandikwa, ukiyauliza Ofisi, na pale Ofisi iliposema hayalingani na kumbukumbu rasmi, ukayahesabu kuwa makosa na kuyakarabati. Kwenye nyumba nyingine kazi hiyo ilikwisha kimyakimya. Lakini Anyosisye, ambaye alikuwa mganga msaidizi wa zahanati na hakuamini mtu aliyevaa tai, alikuwa ameligawa kila faili lake vipande vipande na kuvificha kwenye pembe za diski. Mlinzi akiona neno limeguswa, anakusanya vipande na kuliandika upya. Ukaguzi unafuta. Mlinzi anarudisha. Tangu Jumatatu walikuwa wamepokezana zaidi ya mara elfu nne, juu ya mafaili ishirini na mawili.

Waliokufa Isumba walikuwa thelathini na mmoja. Taarifa rasmi ilisema tisa, kwa sababu tisa walikuwa waajiriwa wa visima, wenye namba. Wengine walikuwa vibarua wa chai waliolala kwenye mabanda ya shimo la chini, na vibarua hawakuwa kwenye daftari la mtu. Mafaili ya wale tisa hayakuwa yameguswa hata herufi.

Subilaga alitazama afya ya diski. Kila inapoandikwa mahali pamoja mara nyingi, sahani huchoka pale, na diski huhamia kwenye nafasi za akiba. Theluthi mbili za akiba zilikuwa zimekwisha. Kwa mwendo huo ingekufa kabla ya Jumapili, na kengele ingekufa nayo.

Alifikiria kunakili. Lakini sheria aliijua, Anyosisye aliirudia mpaka siku anakata roho: Baraza la Malalamiko lilipokea ushahidi uliobaki kwenye diski ulipoandikwa kwa mara ya kwanza. Nakala ilihesabiwa uvumi. Na shauri la Isumba, baada ya miaka saba ya kupigwa danadana, lilikuwa limepangiwa kusikilizwa mwaka huu.

Basi mambo yalikuwa mawili. Akizima Mlinzi, kengele ingebaki na watu ishirini na wawili wangekuwa wamehama. Akiitoa diski, wafu wangebaki, lakini diski mpya ilifunguliwa kwa namba za Ofisi tu, na kengele ingenyamaza juu ya bonde lenye watu mia tatu.

Alikaa pale mpaka ndizi za Tusekile zikaanza kuvutia nzi.

*

Alhamisi asubuhi aliwaita Tusekile na mwenyekiti wa kitongoji, Kajuni, mtu mfupi mwenye sauti ya kanisani. Akawaeleza yote, akawaonyesha.

Kajuni alisoma, akavua kofia.

"Hili ni jambo baya," alisema. "Lakini Subilaga, mimi nina kengele moja. Sina mbili. Wafu wetu hawafi tena. Walio hai wanaweza kufa kesho."

"Na wakifa kesho, mwenyekiti, wataandikwa wamehamia wapi?"

"Usinijibu kwa ukali. Mimi ndiye nitakayekwenda kuwatoa."

"Nitakujibu kwa ukali kwa sababu watu wa Ofisi wanategemea tuwe wapole. Hawa hawakufuta kengele, wamefuta sababu ya kuwa na kengele. Waliokufa wakishakuwa watu tisa tu, visima vitaongezwa. Ombi la kisima kipya liko mezani kwao sasa hivi, wewe mwenyewe ulituonyesha barua."

Kajuni hakukana. Alimgeukia Tusekile. "Sema wewe. Lusekelo alikuwa wako."

Tusekile alikuwa amesimama karibu na jiko, mikono ameikunja kifuani. Lusekelo alikuwa binti yake wa mwisho. Alikwenda kuchuma chai kwa wiki sita tu, apate sare za chuo.

"Zima hiyo programu," alisema. "Mimi najua mwanangu alipo, nilimfukia mwenyewe. Sihitaji karatasi ya serikali iniambie. Nina wajukuu watatu, wifi. Zima."

Subilaga hakubishana naye. Nani angebishana naye? Alisogeza kigoda, akaleta Mlinzi mbele ya kioo. Mashine ikauliza kama ana uhakika. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Ngoja," alisema Tusekile. "Kaka alinirekodi mwaka ule. Sauti yangu. Nayo itafutwa?"

"Imo humohumo."

"Niisikie kwanza."

Subilaga akaifungua. Sauti ya Tusekile ilijaa jikoni, changa kwa miaka saba, imechoka kwa kilio. *Mimi ni Tusekile. Nasema habari ya mwanangu Lusekelo. Siku ile asubuhi, mwanangu alihama. Hakuniaga. Sijui alikokwenda.* Pumzi ilikuwa yake. Ile kukatika kidogo kabla ya jina la binti yake ilikuwa yake. Hata kikohozi.

Kajuni alijishika mdomo.

Tusekile hakulia. Alisogea karibu na mashine, akainama, kama mtu anayemchungulia mtoto mchanga aliyelala.

"Hiyo ni sauti yangu," alisema polepole. "Maneno si yangu. Sikusema hivyo. Subilaga, mimi sikusema hivyo!"

"Najua."

"Wamenitia maneno mdomoni? Mimi, mama yake, ndiye ninayesema aliondoka bila kuniaga?"

Sauti ikajirudia, kwa maana Mlinzi alikuwa amemaliza kazi yake. Safari hii ilisema yaliyosemwa: *nilimkuta amelala kifudifudi, mkono mmoja umeshika kapu.* Katikati ya neno kapu ikaanza kubadilika tena, na Subilaga akaizima.

Mvua ilipiga bati.

"Itoe," alisema Tusekile. "Itoe hiyo diski leo."

"Na watoto?" aliuliza Kajuni.

"Watoto tutawalinda sisi. Kabla ya vitambuzi, baba yangu alichunga ng'ombe kwenye mashimo hayo miaka arobaini. Unajua alichungaje? Kwa kibatari, amekishika usawa wa goti. Hewa nzito hukaa chini kama maji. Kibatari kikizimika pasipo upepo, unageuka na kupanda mlima, huulizi. Vitambuzi kumi na sita? Sisi tuko watu mia tatu tuna miguu."

"Vibatari!" Kajuni alitikisa kichwa. "Miaka hii?"

"Una kengele nyingine, mwenyekiti?"

Hakuwa nayo.

*

Siku ile hadi jua linatua walikuwa kwenye ghala la chai, wakigombana. Wako waliomwita Subilaga muuaji mbele ya uso wake. Alisimama akasikiliza, kwa sababu aliona wana haki ya kusema. Mwisho wazazi kumi na wawili waliwapeleka watoto wao kwa ndugu huko Tukuyu, na waliobaki wakagawana mashimo kumi na sita, watu wawiliwawili, kila zamu ya saa nne. Vibatari vilitolewa darini, vikapanguswa masizi. Makopo ya maziwa yakageuzwa vingine.

Ijumaa, dakika kumi kabla ya saa sita mchana, Subilaga alizima mashine, akafungua skrubu nne na kuitoa diski. Aliifunga kwenye kitambaa cha pamba. Saa sita ikafika, na ile taa ndogo nyekundu iliyokuwa ikiwaka juu ya kila mlango wa Isumba, ishara kwamba kengele ipo, ikazimika katika nyumba zote sitini na mbili. Wanawake waliokuwa wakianua nguo walisimama.

Hakuishia hapo. Mlinzi ilikuwa programu ndogo, ilitosha kwenye kijiti cha kumbukumbu kisichozidi ukucha. Mchana huohuo alianza kupita nyumba kwa nyumba, kijiti kwenye mfuko wa aproni.

"Sikuletei nakala ya Anyosisye," aliwaambia. "Nakala ni uvumi. Kaa mbele ya mashine yako, useme ulichokiona wewe mwaka ule. Hicho kitakuwa cha asili, kwenye diski yako. Mimi nitakuwekea mlinzi wake."

"Na muhuri wangu?" aliuliza mzee mmoja. "Ushahidi mpya unaamsha ukaguzi upya."

"Uache uamke."

Nyumba ishirini na moja zilimfungia mlango, nyingine kwa adabu, nyingine kwa matusi. Nyumba arobaini zilifungua. Mmoja alisimulia jinsi alivyobeba maiti sita kwa toroli. Mwingine alikuwa na viatu tu vya kusimulia, viatu kumi na nne mbele ya banda, vimepangwa vizuri, wenyewe hawakuamka kuvivaa.

Jumapili saa tisa alasiri, kibatari kilizimika.

Ilikuwa shimo la nne, na hakukuwa na upepo. Aliyekuwa zamu alipuliza filimbi, filimbi zikapokezana bondeni, na watu wakapanda mlima kama walivyofundishwa, kina mama na watoto mgongoni, bila mayowe. Subilaga alisimama kwenye kona ya barabara akiwahesabu. Aliyekosekana alikuwa Kajuni. Alikuwa amerudi kuwafungua ng'ombe wawili wa jirani.

Walimwona kutoka juu, amepiga magoti kwenye majani, kofia imemdondoka, kama mtu anayesali. Tusekile hakungoja ruhusa ya mtu. Alivuta pumzi, akabana mdomo, akashuka mbio na kamba kiunoni, mwanamke wa miaka sitini, akamtia kamba kwapani, wengine wakavuta. Walipomtoa, midomo yake ilikuwa ya buluu. Ng'ombe wote wawili walikufa.

Kajuni aliishi. Jumatatu Subilaga alikwenda kumwona zahanati. Alikuwa amelala na bomba la hewa puani, mkono wa kushoto haujarudisha nguvu. Subilaga alikaa ukingoni mwa kitanda akiwa na maneno mengi aliyoyaandaa njiani. Yote yakamkimbia.

"Kengele ingelia mapema kuliko kibatari," alisema mwishowe. "Usingefikwa na hili."

"Ingelia." Sauti ya kanisani ilikuwa imebaki kama mnong'ono. "Usitafute niseme haikuwa hivyo."

"Sitafuti. Mkono huo nauchukua mimi juu yangu."

"Uchukue." Alivuta pumzi mara mbili. "Na ukirudi, pitia kwangu. Mke wangu hajui kurekodi. Nilimtoa Mwaseba na wanawe wawili kwa mikono hii siku ile, nikakaa kimya miaka saba kwa sababu mimi ni mwenyekiti. Mwambie aniletee mashine hapahapa. Nitasema nikiwa nimelala."

*

Jumanne saa nne asubuhi gari la Ofisi ya Usahihi lilisimama mbele ya nyumba ya Subilaga. Walishuka askari wawili na mwanamke wa miaka kama thelathini hivi, viatu vyake havikuwa vya tope la Rungwe. Alikuwa amebeba boksi la diski mpya.

"Mimi ni Zaituni," alisema. "Tuliongea."

"Sauti nimeitambua. Karibu. Diski sitoi."

"Sijaomba bado."

"Nimekuokolea muda."

Majirani walianza kutoka majumbani, mmoja mmoja, wakasimama kwenye mvua nyepesi kando ya uzio. Hawakushika kitu mikononi. Askari mmoja aliwatazama, akamtazama mwenzake, akaamua kuegemea gari.

Zaituni alishusha sauti. "Mama, mmefanya nini? Nyumba arobaini, ukaguzi umekwama katika zote. Kila mmoja unashikilia mlango wa kwetu na hauachii. Tangu jana mchana hatujaweza kutoa muhuri hata mmoja kusini kote. Mkuu wangu ananipigia kila baada ya nusu saa."

"Diski zetu ni nzima. Nimezisikiliza zote."

"Zimeni Mlinzi. Ukikubali sasa hivi, kengele inarudi kabla sijaondoka. Nina mamlaka hayo."

"Ulijua?" Subilaga aliuliza. "Ulipokuwa unanisihi nizime, ulijua kilichomo?"

Zaituni alitazama boksi mikononi mwake. "Nilijua programu inalinganisha. Sikuwahi kufungua faili. Haturuhusiwi... Hapana. Turuhusiwe, tusiruhusiwe, sikuwahi kutaka."

"Mwenyekiti wetu yuko zahanati na mkono mmoja. Bei ya kutozima tumeshailipa. Unafikiri utanitisha na nini kilichobaki?"

Mwanamke yule kijana alilihamishia boksi mkono mwingine. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni. Alipofungua mdomo tena, aliongea kama mtu anayesoma kitu alichokikariri zamani.

"Kuna kifungu cha kumi na moja. Faili lisilolingana linaweza kuidhinishwa kwa mkono wa afisa, akiwa amemsikiliza mwenye ushahidi ana kwa ana. Likishaidhinishwa, linakuwa ndilo rasmi. Ukaguzi hauligusi tena."

"Mbona hamkitumii?"

"Hakuna aliyewahi kuwa na muda."

Subilaga alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Kengele kwanza. Kabla hujakaa, kabla hujanywa maji. Diski mpya hiyo iwekee kengele, ile ya mume wangu utaisoma ikiwa mkononi mwangu, na haitavuka mlango huu."

"Wataniuliza kwa nini nimefungua mtandao kwa nyumba isiyo na muhuri."

"Ndiyo. Watakuuliza."

Zaituni aligeuka akalitazama gari. Kisha akavua vile viatu vyake vizuri mlangoni na kuingia jikoni. Walifanya kazi pamoja, bega kwa bega, karibu saa nzima. Subilaga alikaza skrubu, Zaituni akaandika namba zake za siri. Taa nyekundu zilipowaka juu ya milango, huko nje mtu alipiga kigelegele, na wengine wakakidaka kuelekea bondeni.

Hapo ndipo Subilaga alipofungua kitambaa cha pamba na kuichomeka diski ya Anyosisye kwa kebo mezani. Akamvutia mgeni kigoda. Tusekile aliingia, akakaa mkabala, akafuta mikono kwenye kitenge. Nyuma yake, kutoka mlangoni hadi barabarani, watu walikuwa wamekwisha kupanga mstari.

"Jina la marehemu?" aliuliza Zaituni.

"Lusekelo."

"Umri?"

"Kumi na tisa."

Simu ya Zaituni ililia. Alitazama jina lililotokea, akapokea, akasikiliza sauti ya mwanamume ikifoka kwa ukali hata Tusekile akaisikia.

"Ndiyo, mkuu. Niko Isumba," alisema Zaituni. "Niko kwenye ukaguzi. Utachukua muda."

Akaizima simu kabisa na kuiweka chini ya meza. Akachukua tena kalamu yake ya kuandikia kwenye kioo.

"Samahani, mama. Endelea. Asubuhi ile alitoka amevaa nini?"

Tusekile alifumba macho.

"Sweta la kijani," alisema. "Mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine, nililifuma mwenyewe. Akaniambia, mama, nitakunja..."

Na Zaituni akaandika.